Kuku wako ni mzima, na hapo ndipo tausi anapofia

Juzi nimepigiwa simu tena, safari hii kutoka Mambrui, karibu na Malindi. "Mzee, shikamoo. Tausi wangu wawili wamekufa, lakini si ugonjwa, maana kuku wote wazima." Hiyo "maana kuku wote wazima" nimechoka nayo. Nimeisikia Msabaha, nimeisikia Maweni, na kila nikiisikia najua nitakachokikuta bandani.

Uzima wa kuku hauonyeshi kitu. Histomonasi, kimelea kinachoua tausi na bata mzinga, hukaa ndani ya kuku bila kumsumbua sana. Hujificha kwenye mayai ya minyoo midogo myeupe, urefu wa sentimita moja hivi, inayoishi katika vijifuko viwili vilivyoungana na utumbo wa kuku. Kuku akinya, mayai yanaingia mchangani. Kimelea kikiwa peke yake nje, kinakufa upesi. Kikiwa ndani ya yai la mnyoo, kinangoja miaka. Nyungunyungu huyameza mayai hayo, na mvua ya masika ikimtoa juu, tausi anamdonoa. Kwa hiyo ukiniambia kuku uliwauza mwaka jana na uwanja sasa ni mtupu, uwanja wako si mtupu.

Nilikwenda Mambrui nikampasua aliyekufa alfajiri. Ini lilikuwa na mabaka ya duara, kila moja limebonyea katikati na kuinuka kingo, kama alama ya kitako cha kikombe. Vile vijifuko vilikuwa vimevimba, ndani mna kitu kigumu cha manjano mfano wa chicha iliyoshindiliwa. Sakafuni kinyesi kilikuwa na rangi ya bizari. Jirani alikuwa ameshasema ni jicho la hasidi. Wengine huuita ugonjwa huu "kichwa cheusi", na jina hilo linawaponza watu: wanangoja kichwa kiwe cheusi, nacho mara nyingi hakiwi. Tazama kinyesi kila asubuhi: cha ndege mzima ni kahawia chenye ncha nyeupe. Dawa ya metronidazoli huokoa ukiwahi, ila haiui minyoo, na dawa ya minyoo nayo haiui histomonasi. Kipimo kachukue kwa daktari wa mifugo, wala usiwape ndege unaokula mayai au nyama yao.

Banda lenyewe halina utata. Makuti juu, boriti nene ya kulalia kwenye kimo cha mtu, upana wa kutosha dume ageuke bila kuvunja mkia wa mita moja na nusu. Mkia ukipukutika baada ya msimu wa kupandana, si ugonjwa, utaota. Chanjo ya mdondo (Newcastle), wape wote.

Linaloniudhi hasa ni kuatamisha. Watu wanaweka mayai ya tausi chini ya kuku, jambo zuri, kwani kuku wa kienyeji ni mlezi hodari. Mayai haya huchukua siku 28, si 21, basi chagua kuku mvumilivu. Lakini yakishaanguliwa, watu wanamwachia mama awatembeze vifaranga wa tausi jalalani, awafundishe kuchakura palepale anaponya yeye na wenzake. Umempa mtoto mlezi, na mlezi anamlisha sumu kwa mapenzi yote. Mimi niliwapoteza watano hivyo. Nilimwona kuku akiita "kok kok", akiwamegea punje kutoka kwenye kinyesi chake, nami nikafurahi kuona anavyowapenda. Siku hizi mama nampa dawa ya minyoo kabla hajaatamia, na vifaranga wakikauka tu nawapandisha kwenye sakafu ya wavu iliyoinuliwa futi tatu, kinyesi kianguke chini. Hapo hukaa miezi mitatu. Wanamlilia mama siku mbili za kwanza, na kilio kile kinaniuma kila mara.

Vitabu husema tenganisha, basi. Nafsi yangu haitulii hapo. Wengi wetu Malindi tuna uwanja mmoja, mlango mmoja na ndara zilezile za kwenda kwa kuku na kwa tausi. Tena nawajua watu waliofuga pamoja miaka mingi wasipoteze tausi hata mmoja, na siwezi kuwaambia ni bahati tu. Huenda mchanga wao ni mkavu, huenda minyoo ni michache, huenda tausi wao waliletwa wakubwa. Ninalosimamia ni hili: vifaranga wasiguse ardhi ya kuku, na kuku wapewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu hata wakionekana wazima.

Kule Mambrui amebaki tausi mmoja. Tumemhamishia juu ya wavu na kumwanzishia dawa. Leo asubuhi nimetumiwa picha ya kinyesi chake: kahawia, na ncha nyeupe.