Kurukaruka ukizimia sio lazima iwe kifafa

Jamani naomba niseme hili maana nimechoka kulisikia. Mtu anakuja kliniki ameshameza dawa za kifafa miaka na miaka, namuuliza ilianzaje, anasema alikuwa anatolewa damu, akasikia joto, kichefuchefu, jasho, macho yakaingia giza, akadondoka, mikono ikarukaruka kidogo, baada ya sekunde kadhaa akaamka anauliza kwa nini yuko chini. Basi aliyekuwa karibu akasema "degedege hiyo" na kila daktari aliyefuata akanakili hivyo hivyo.

Hiyo ni kuzimia kwa kawaida kabisa. Neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo kwenda moyoni, inapunguza mapigo ya moyo, mishipa inalegea, presha inaporomoka, ubongo unakosa damu, na ubongo ukikosa damu mwili unarukaruka, ndo ulivyo. Mwaka 1994 madaktari wa Ujerumani waliwazimisha makusudi watu wenye afya zao huku wanawarekodi video, kati ya mara 42 ambazo mtu alizimia kabisa asilimia 90 alirukaruka, tena wengi macho wazi. Sasa hao wote tuwape dawa za kifafa?

Mimi nauliza kilichotangulia na kilichofuata, sio tu nani aliona mikono ikicheza. Aliyezimia anakuwa amepauka, analala chini sekunde kama 20 hivi, akiamka anajua yuko wapi hata kama amechoka. Kifafa mara nyingi kinachukua dakika moja au mbili, uso unakuwa wa bluu, ulimi umeng'atwa pembeni, halafu akiamka amechanganyikiwa muda mrefu. Na kujikojolea hakutenganishi chochote, kunatokea kote kote, kwa hiyo tuache kutumia hilo kama ushahidi. Aliyekuwepo akichukua video kwa simu nitamshukuru kuliko mtu aliyeniletea CT scan (picha ya ubongo), ambayo kwa mzimiaji wa hivi karibu kila mara inarudi safi.

Halafu kuna haya maneno ya watu. "Sukari imeshuka." Sukari ikishuka hadi ukapoteza fahamu huamki mwenyewe baada ya nusu dakika ukiwa mzima. Na usimmiminie soda mtu asiye na fahamu, utampalia.

"Mkalisheni!" Hapana, mlazeni, inueni miguu. Ukimshikilia wima unaunyima ubongo damu ileile unayotaka iufikie.

"Nipe dawa ya kutuliza moyo." Hizo beta bloka, dawa za kupunguza kasi ya moyo, zilipimwa dhidi ya vidonge visivyo na dawa ndani, majibu yakatoka 2006, hazikuzuia kuzimia. Kinachosaidia wengi ni maji lita 2 hadi 3 kwa siku, chumvi kuongeza kidogo (sio kwa mwenye presha ya kupanda, figo au moyo mbovu), na ukianza kusikia dalili pishanisha miguu ukaze mapaja na makalio, kunja ngumi ukaze kwelikweli. Ikizidi lala chini hapohapo, hata kama ni kwenye foleni ya watu, aibu weka kando. Hii nairudia kila siku na bado watu wanajikaza kusimama mpaka wanapasuka kidevu.

"Ni woga tu." Wengine wanazimia wakikohoa au wakikojoa usiku, woga uko wapi hapo? Ila aliyezimia katikati ya mazoezi, au akiwa amelala, au moyo ulienda mbio kwanza, au kwao kuna kijana aliyekufa ghafla, huyo simwambii habari za maji na chumvi, namfanyia ECG (kipimo cha umeme wa moyo) siku hiyohiyo.