Kwa nini asali huua bakteria wa kidonda hata baada ya kuchanganyika na maji?

Asali iliyofunikwa vizuri hukaa kabatini kwa miaka bila kuoza, ilhali maji ya sukari yakiachwa mezani siku chache huanza kuchachuka. Ukiuliza sababu, wengi watakujibu kwamba asali haiozi kwa kuwa ni tamu mno. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi kueleza kwa nini Wamisri wa kale waliiandika katika mafunjo yao ya tiba, miaka zaidi ya 3,500 iliyopita, kuwa dawa ya kupaka vidonda, wala kwa nini hospitali za leo bado zinaitumia.

Tuanze na huo utamu. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, na maji ni kama asilimia 17 au 18 tu, tena yameshikwa na sukari kiasi kwamba kiumbe kingine hakiwezi kuyatumia. Bakteria akitua humo, maji ya mwilini mwake hufyonzwa kama chumvi inavyofyonza maji ya samaki anayefanywa ng'onda. Isitoshe, asali ni kali kwa asidi kuliko ulimi unavyotambua, kwa maana utamu huificha. pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho kadiri namba inavyopungua ndivyo asidi inavyozidi, kwa kawaida ni kati ya 3.2 na 4.5, hali isiyowafaa bakteria wengi wanaoshambulia vidonda.

Lakini kidonda kibichi hutoa majimaji mfululizo. Asali iliyopakwa asubuhi huwa imezimuliwa ifikapo jioni, na kama nguvu yake ingekuwa sukari peke yake, ingekwisha hapo. Kinachotokea ni kinyume chake. Ndani ya asali mna kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kemikali, kiitwacho glukosi oksidesi, ambacho nyuki hukitoa katika tezi za kichwani na kukichanganya na mbochi, yaani yale maji matamu ya maua. Katika asali iliyoiva kimeng'enya hicho hakifanyi kazi yoyote ya maana. Kikipata maji huamka, huchukua glukosi na oksijeni, na kuzalisha asidi ya glukoni pamoja na haidrojeni peroksaidi, ile ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu. Mwanakemia Jonathan White wa Marekani na wenzake ndio walioonyesha, mwaka 1963, kwamba kile kilichokuwa kikiitwa "inhibini" ya asali, yaani kitu kilichomo kinachozuia bakteria, ni haidrojeni peroksaidi. Dawa ya chupani, yenye nguvu ya asilimia 3, humwagwa yote kwa mara moja, ikaunguza hata nyama iliyo hai, kisha ikaisha. Asali huitoa kidogo kidogo kwa saa nyingi, kwa kiwango kilicho chini mara 1,000 hivi.

Nyuki wenyewe wanaihitaji kazi hiyo kabla yetu. Mbochi inapoingia mzingani ni majimaji matupu, na huchukua siku kadhaa kukaushwa kwa upepo wa mabawa. Katika siku hizo kimeng'enya ndicho kinachoilinda isiharibike, na ikishakauka, sukari hupokea zamu. Kwangu mimi, mpango huu ndio jambo la ajabu kuliko yote katika habari ya asali. Mwaka 1999 watafiti walijaribu asali dhidi ya aina 58 za bakteria *Staphylococcus aureus* waliotolewa katika vidonda vyenye usaha, wakakuta kwamba ingeendelea kuwazuia hata ikizimuliwa mara 7 hadi 14 kupita kiwango ambacho sukari yake ingekuwa imeshaishiwa nguvu.

Kuna asali inayotumia njia nyingine. Mmanuka, mti mdogo wa New Zealand, hutoa mbochi ambayo humo mzingani hujenga polepole kemikali iitwayo methiliglaioksali, iliyotambuliwa mwaka 2008 na watafiti wa Dresden, Ujerumani, kuwa ndiyo chanzo cha nguvu ya pekee ya asali hiyo. Faida yake ni kwamba damu na nyama zetu zina kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi, lakini hakiigusi methiliglaioksali.

Je, wagonjwa hupona kweli? Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2015 yalionyesha kwamba asali huponya majeraha ya moto yasiyo ya kina kirefu haraka kuliko bandeji za kawaida, na kwamba husaidia vidonda vya upasuaji vilivyoingia usaha. Kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari ushahidi haukutosha, kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo asiache kliniki kwa ajili ya asali. Vilevile kuilamba si sawa na kuipaka: ikimezwa humeng'enywa kama sukari nyingine, haifiki kwenye maambukizi ya damu au mapafu ikiwa na nguvu hizo. Na iliyochemshwa ili iwe nyepesi imeshapoteza kimeng'enya chake, kwa sababu joto hukiharibu.

Ndiyo maana asali ya hospitali hutakaswa kwa mionzi ya gama badala ya moto. Hulazimika kutakaswa kwa sababu asali huwazuia bakteria wanaokua, lakini haiui spora, yaani mbegu ngumu ambazo baadhi yao hujifungia ndani yake. Spora za *Clostridium botulinum* zinaweza kulala katika asali safi kabisa. Mtu mzima akizimeza hupita bila kumdhuru, kwa kuwa bakteria waliokwisha kujaa utumboni mwake hawazipi nafasi ya kuota. Utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja bado hauna ulinzi huo. Spora huota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kwa hiyo desturi ya kumlambisha mtoto mchanga asali, ingawa hufanywa kwa mapenzi, naomba iachwe mpaka atimize mwaka.