Fundi, izime tu hiyo taa

Wiki iliyopita mzee mmoja aliniletea gari lake gereji, mtumba wa Japani kama mengi ya hapa Dar es Salaam. Kwenye dashibodi ilikuwa inawaka taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyeketi na mpira mbele yake.

"Fundi, inanikera hii. Izime tu."

"Mzee wangu, honi inalia?"

Akacheka. Haijalia miezi miwili. Kukatiza Kariakoo miezi miwili bila honi, huyo ni mtu mvumilivu.

Taa ile ni ya eabegi, mfuko unaojaa gesi ghafla mbele yako gari likigonga. Honi nitairudia. Kwanza nieleze alichokuwa ananiomba nikiue.

Gari likigonga kitu kwa mbele, linasimama lenyewe. Wewe uliyemo hujasimama. Mwili unaendelea na mwendo uleule mpaka uzuiwe na mkanda, usukani au kioo. Kishindo chote, tangu bampa iguse hadi bati liache kujikunja, huisha ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde hivi. Katika muda huohuo eabegi itambue ajali, iamue, ijae, na iwe tayari inakusubiri.

Sensa, yaani kihisio, hupima jinsi gari linavyopunguza mwendo, na kompyuta ndogo iliyofungwa katikati, chini sakafuni, huamua kama ni shimo, tuta au ukuta. Ikiridhika, inapeleka umeme kwenye kiwashio nyuma ya mfuko. Kiwashio kinawasha dawa ya kemikali, dawa inatoa gesi, na mfuko wa nailoni unajaa kwa milisekunde 30 hivi, kabla hujawahi kupepesa jicho. Hilo si puto linalopulizwa. Ni baruti iliyopewa kazi ya uuguzi.

Kinachosahaulika ni kwamba mfuko ukishajaa lazima unywee. Nyuma yake una matundu. Kifua na kichwa vikitua, gesi inatoka taratibu na wewe unasimama taratibu. Bila matundu hayo ungekurudisha nyuma kama mpira unaodunda.

Sasa zile herufi SRS kwenye usukani. Maana yake ni kwamba mfumo huu ni wa nyongeza, na kinachoongezewa ni mkanda. Asiyefunga mkanda huteleza mbele dereva anapokanyaga breki, akakutana na mfuko ukiwa bado unatoka, kwa kasi inayoweza kupita kilomita 200 kwa saa. Kilichowekwa kimwokoe ndicho kitakachomvunja. Ndiyo maana nawaambia madereva waache angalau sentimita 25 kati ya kifua na katikati ya usukani, na ndiyo maana kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi. Na mama anayempakata mwanawe siti ya mbele? Mtoto anakuwa kati ya mfuko na kifua cha mama. Hili nalikuta kila siku, na bado linanitisha.

Turudi kwenye honi. Usukani unazunguka, ila waya haziwezi kuzunguka bila kukatika. Kwa hiyo chini yake kuna kisanduku cha plastiki chenye utepe mwembamba wa waya, umeviringishwa kama futi ya fundi cherehani. Umeme wa honi na wa eabegi ya dereva hupita humo. Utepe ukikatika, vyote viwili vinakufa. Honi itakunyamazia tu. Eabegi ina taa ya kuisemea.

Kuizima ningeweza. Unafunga rezista, kipande kidogo cha kuzuia umeme, ya ohm 2 hivi mahali pa mfuko, kompyuta inadanganyika, taa inatulia. Wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Nilichomoa terminali ya betri nikasubiri dakika kadhaa, kwa sababu kompyuta huhifadhi umeme wa kulipulia mfuko hata betri ikipondwa kwenye ajali. Vijana wa gereji, mita ya kawaida ya kupimia umeme msiiguse kwenye mfuko wenyewe. Umeme wake mdogo unaweza kuuwasha.

Wakati tunasubiri nikaingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya watengenezaji, nione kama eabegi yake imeitwa kubadilishwa. Hili nalifanya kwa kila gari la Japani tangu kisa cha Takata, kampuni ya kutengeneza eabegi iliyofilisika mwaka 2017. Dawa yake ilikuwa amonia naitreti, ambayo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu huharibika, na siku ya kulipuka kopo la chuma lenye dawa hiyo hupasuka na kurusha vipande ndani ya gari. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu ya pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Mtwara. Namba ya mzee ikatoka safi.

Utepe mpya tukaufunga, si wa mtumba. Nikawasha gari. Taa ikawaka sekunde chache, ikazima yenyewe. Mzee hakuiona, alikuwa ameshabonyeza honi.