Kabla ya Kushtaki Kibonzo, Jiulize Ukurasa Unalipiwa na Nani

Uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 unakaribia, na malalamiko kuhusu vibonzo na vipindi vya kejeli yameanza kurundikana mezani kwetu, Tume ya Malalamiko ya vyombo vya habari. Wanaoandika wana nia njema. Wameona kiongozi wao amechorwa na tumbo kubwa kuliko alilojaliwa, wakahisi jamii yao nzima imetukanwa. Tatizo ni ombi linaloifunga barua: mchoraji akamatwe, gazeti lifungwe.

Tuelewane. Tume ya Malalamiko haimkamati mtu. Uhuru wa kujieleza, ukiwemo ubunifu wa kisanaa, unalindwa na Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010. Usiolindwa ni propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Pua ndefu haimo. Kibonzo hupiga chuku; ndiyo kazi yake. Na tangu Februari 2017, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kumharibia mtu jina si kosa la jinai tena. Aliyechafuliwa jina afungue kesi ya madai.

Kwa wenye malalamiko halali, utaratibu umo katika Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013. Unaweza kuleta lalamiko kwa maandishi au kwa mdomo. Eleza mambo matatu: msingi wa lalamiko, madhara uliyopata, na unachotaka kifanywe. Ambatanisha nakala ya kilichochapishwa ikiwa na tarehe, si picha uliyotumiwa kwenye WhatsApp ikiwa imekatwa kichwa cha gazeti. Chombo kinachohusika kitaarifiwa na kupewa nafasi ya kujibu. Tume inaweza kusuluhisha, kutupilia mbali, au kusikiliza na kuamua. Ikiamua dhidi ya chombo, inaweza kuamuru kiombe radhi na kuchapisha masahihisho, kukikaripia hadharani, kupendekeza mwanahabari asimamishwe au aondolewe kwenye sajili, na kutoza faini isiyozidi shilingi 500,000 kwa kampuni na shilingi 100,000 kwa mwanahabari. Zile shilingi milioni 20 zinazotajwa kila mahali zinatoka katika sheria nyingine, ile ya habari na mawasiliano iliyorekebishwa mwaka 2013, na jopo linalozitoza si Tume hii. Tafadhali msichanganye.

Sasa niseme lisilo katika fomu. Tume hushughulikia kilichochapishwa. Kilichoondolewa mezani kwa mhariri kabla ya kwenda mtamboni hakina mlalamishi, kwa sababu hakuna aliyekiona. Humo ndimo umiliki unapofanya kazi yake kubwa, na ndimo wananchi wasimotazama.

Nani anamiliki kampuni gani ya habari si siri. Kundi la Standard limehusishwa kwa miaka mingi na familia ya Rais Moi, Mediamax na familia ya Kenyatta. Royal Media ni ya S.K. Macharia. Kundi la Nation lilianzishwa na Aga Khan. KBC, shirika la utangazaji, ni ya serikali, ingawa Kifungu cha 34 cha Katiba kinataka hata chombo cha serikali kijiamulie chenyewe maudhui yake na kitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Simaanishi kwamba kila mmiliki hupiga simu chumba cha habari kila jioni. Mara nyingi haina haja. Mhariri anajua matangazo ya nani yanalipa mishahara, na mkono mtupu haulambwi. Machi 2024 serikali ilipoagiza wizara na mashirika yake yapeleke matangazo ya redio na runinga KBC, hakuna kibonzo kilichopigwa marufuku kwa maandishi, lakini kila mhasibu wa kituo binafsi alielewa.

Mfano wa mchora vibonzo Gado unafaa kuangaliwa kwa utulivu. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilichapisha kibonzo chake kuhusu Rais Jakaya Kikwete, na mwezi huohuo gazeti likapigwa marufuku Tanzania. Mwaka 2016 mkataba wake na Kundi la Nation, linalochapisha gazeti hilo, haukuongezwa, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kuchora. Mwenyewe amesema hadharani kwamba kulikuwa na shinikizo la kisiasa. Sina mamlaka ya kuamua hilo. Ninachoona ni kwamba uhusiano wa mchoraji mmoja na mwajiri wake ulibadilisha yale ambayo wasomaji wa nchi kadhaa wangeyajadili asubuhi.

Kejeli isiyo na mwajiri hupita njia nyingine. Wakati wa Mswada wa Fedha wa 2024, jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia, lilimganda Rais Ruto na kuwafikisha kwenye mjadala wa kodi watu wasiowahi kufungua mswada wowote. Halikuhitaji kibali cha mhariri. Lakini asiye na mwajiri hana pia wakili wa kampuni. Mchoraji Kibet Bull, aliyesambaza mitandaoni michoro yake ya kivuli ya kumkejeli Rais, alitoweka Desemba 2024 na kurejea Januari 2025. Wanaotuandikia "afundishwe adabu" wakumbuke hilo kabla ya kutuma barua.

(Mambo hugeuka. John Kiarie, aliyekuwa katika Redykyulass, kundi la vichekesho lililomwigiza Rais Moi, leo ni mbunge wa Dagoretti Kusini na mwenyekiti wa kamati ya Bunge inayoshughulikia mawasiliano.)

Hoja ya umiliki, kwa hiyo, ni ya kupelekwa kwa wabunge wakati miswada ya habari inapofunguliwa kwa maoni ya umma. Inataka maandishi, na inataka yafike kabla ya muda kuisha. Lalamiko la leseni au masafa ni la Mamlaka ya Mawasiliano. La chuki za kikabila ni la Tume ya Uwiano na Utangamano, ambayo sheria yake ya 2008 ina faini ya hadi shilingi milioni 1, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Na kama kibonzo kina nembo ya gazeti ila hukukiona gazetini, pigia chumba cha habari kwanza uulize kama ni chao.