Mrehani haukutoka Ugiriki

Wapo watu wa Tanga wanaodhani kwamba mrehani, ule unaopandwa uani na kufungwa kwenye vikuba pamoja na asumini, asili yake ni Ugiriki, kwa kuwa jina lake la kitaalamu, Ocimum basilicum, lina mizizi ya Kigiriki. Kilichotoka huko ni jina tu. Basilikon ni "-a kifalme", kutokana na basileus, yaani mfalme, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliliandika kwa umbo la Kilatini mwaka 1753; mmea wenyewe, jamaa ya mnanaa wenye shina la pembe nne, ni wa nchi za joto za Asia. Jina letu limetokana na Kiarabu, rayhan, wala halihusiani (ingawa wengi hulichanganya) na kuweka nyumba rehani, ambako asili yake ni rahn.