Je, wajua kwa nini mwarobaini unavamia msitu ila mkarafuu hauvamii?

Yote miwili ni miti ya kuja. Mkarafuu asili yake visiwa vya Maluku, Indonesia, ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na Seyyid Said akahimiza upandwe mpaka Pemba ikajaa mikarafuu. Mwarobaini nao umetoka India na Myanmar. Kwahiyo ugeni peke yake sio tatizo, na mie sikubaliani kabisa na wanaosema miti ya kigeni yote ing'olewe, hata muembe ni wa kuja. Tena wanyama wetu wanaifaidi miti hiyo: kima punju, wale kima wekundu wa msitu wa Jozani, Unguja, wanakula majani ya miembe na mikungu, yana sumu kidogo, halafu wanatafuna makaa kuikata hiyo sumu, subhanallah!

Cha kuangalia ni mti unavyozaana bila ya mtu. Karafuu tunayotia kwenye pilau ni ua ambalo halijafunguka, ukishalichuma ndo basi tena hakuna mbegu, zinazobaki juu zikaiva zikawa mpeta ni chache. Sasa mwarobaini nani anauchuma? Majani tunachukua ya kuchemshia homa, vijiti vya mswaki, lakini matunda tunayaacha, yanaiva manjano yana utamu wake, ndege na popo wanayala halafu wanaruka wanatua mti mwengine huko mbali wanaangusha kokwa. Ndo maana unaukuta umeota kwenye kiwanja kilichoachwa ama magofuni na hakuna aliyepanda.

Na ukifika kwenye maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, hapo ndo balaa, maana kule udongo haba, jiwe tupu, mvua ikiisha maji hakuna, miti yetu ya asili kama midaa na michengele inakua pole pole sana ila mwarobaini unastahamili ukame na majani yake machungu wadudu wengi hawayataki. Unapanda juu unatanda kivuli, miche ya asili chini inakosa jua, mti mkubwa ukifa hakuna wa kushika nafasi yake isipokuwa mwarobaini mwengine. Hapo msitu kwa mbali bado wa kijani lakini aina za miti zinapungua, na ndege na vipepeo waliozoea miti ile wanapungua nao. Haya yameshaonekana kwenye hifadhi ya Saadani, ng'ambo tu ya Unguja, na kwenye misitu ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda kule Kenya.

Mie naiogopea misitu iliyobanwa na mji, kama Masingini, Unguja, inayolinda vianzio vya maji ya mji, kwasababu nyumba zinaisogelea na kila nyumba inataka mti wa kivuli. Kuukata peke yake hakusaidii, kisiki kinachipua tena vijiti vingi. Mche ung'oe na mzizi ungali mdogo, ardhi ikiwa imelowa, na kama unaishi pembezoni mwa msitu unataka kivuli panda mtondoo jamani, ni wa pwani yetu huu.