Easofti kwa anayeanza: miwani kwanza, bunduki baadaye

Anayeanza easofti, mchezo wa kulengana kwa bunduki za gololi za plastiki, Arusha au Moshi karibu kila mara anaulizia bunduki: ni ipi, bei gani, ya betri au ya gesi. Ningependa aulize mambo matatu kabla ya hilo. Polisi wamesema nini? Macho yatakingwa na nini? Tutachezea wapi? Bunduki ije ya nne, kwa sababu ikishafika mkononi, hamu ya kuifyatua haingoji miwani wala barua.

Tujue kwanza tunachozungumzia. Bunduki ya easofti inafyatua gololi za plastiki zenye kipenyo cha karibu milimita 6. Nyingi zina mota ya betri inayovuta springi, nyingine zinatumia gesi. Nguvu yake hupimwa kwa jouli, na kipimo cha kushika ni hiki: gololi ya gramu 0.20 ikitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde ina jouli 1. Ikikupiga mkononi inaacha doa jekundu. Ikipiga jino inaweza kulivunja. Ikipiga jicho inaweza kupofusha. Uingereza ukomo ni jouli 1.3 kwa bunduki inayofyatua mfululizo na 2.5 kwa ya moja moja. Japani ukomo uko chini kidogo ya jouli 1. Hizo ni sheria za kwao. Ukizisikia kwenye video, usidhani zinakulinda Njiro ya Arusha au Pasua ya Moshi.

Hapa kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ushauri wangu ni mmoja: ichukulie bunduki ya easofti kama silaha mpaka polisi wakuandikie vinginevyo. Anzia serikali ya mtaa, kisha peleka barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Ambatisha picha ya bunduki unayoitaka, eleza inafyatua nini, kwa jouli ngapi, ni ngapi kwa idadi, zitafungiwa wapi na zitatumika shamba la nani. Chapa nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Usilipie chochote mtandaoni kabla hujashika jibu la maandishi. Wanaoharibikiwa ni wale wanaoagiza kwanza na kuandika "toi" kwenye nyaraka. Mzigo ukipita kwenye skana ya forodha, iwe uwanja wa ndege wa KIA au mpaka wa Namanga, kinachoonekana ni umbo la bunduki, na maelezo yako tayari yana walakini. Jibu likiwa hapana, ni hapana. Usitafute njia za panya.

Mavazi nayo. Mitumba ya mabakamabaka inapatikana sokoni kwa urahisi, na wachezaji wa nje huivaa. Sisi tusiivae. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha. Vaa jinzi kuukuu, shati zito la mikono mirefu na buti za shamba. Gololi haijali rangi ya nguo.

Sasa miwani, na hapa nitakaa kidogo. Miwani ya fundi inayouzwa madukani, na ile ya jua, haina kazi hapa. Angalia maandishi madogo yaliyochongwa kwenye kioo na kwenye fremu. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 166, herufi F ina maana kioo kilipigwa na gololi ya chuma ya milimita 6 kwa mita 45 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, gololi hiyo ya gramu 0.86 inabeba takriban jouli 0.87. Hiyo ni pungufu ya jouli 1 ya bunduki ya kawaida! Herufi B ni mita 120 kwa sekunde, yaani zaidi ya jouli 6. Kwa hiyo tafuta B, na kwa kiwango hicho B haitolewi kwa miwani ya kuning'inia masikioni. Ni ya ile inayoziba jicho pande zote na kufungwa kwa mkanda nyuma ya kichwa. Kwa kiwango cha Marekani, tafuta Z87 yenye alama ya kujumlisha mwishoni, yaani Z87+.

Nunua mbili za aina moja. Ya kwanza ivishe ndoo, simama mita moja, ukiwa umevaa ya pili, na mwenye bunduki yenye nguvu kuliko zote kundini aipige mara kumi. Baadaye ikague juani kwa kuizungusha taratibu: nyufa nyembamba kama nywele huonekana mwanga ukipita kwa ubavu. Ikiwa na ufa, aina hiyo haifai. Hata ikiwa salama, hiyo iliyopigwa usiivae tena.

Kioo cha polikaboneti huuawa na petroli, thina na asetoni. Hakitoboki siku hiyo. Kinakuwa dhaifu kimyakimya, kisha kinapasuka siku ya mchezo. Osha kwa maji na sabuni laini, kausha kwa kitambaa cha pamba. Miwani ya wavu haipati ukungu, lakini gololi ikipasuka kwenye waya vipande hupenya, kwa hiyo wavu ufunike mdomo na mashavu tu.

Ukungu wenyewe ndio adui mkubwa. Asubuhi za Juni na Julai Arusha ni baridi, mtu anakimbia, anahema, kioo kinaziba, anainua miwani sekunde mbili apanguse. Majeraha ya jicho hutokea hapo. Kabla ya kuanza, paka tone la sabuni ya vyombo upande wa ndani, sambaza kwa kidole, acha likauke, kisha pangusa mpaka kioo kionekane kisafi. Kikiziba uwanjani, piga kelele "simama", kaa chini, inua mkono na utolewe nje ukiwa bado umeivaa. Hakuna anayevua ndani ya uwanja, hata mchezo ukiwa umesimama.

Mahali pa kuchezea: shamba la mtu binafsi, kwa ruhusa yake ya maandishi, mwenyekiti wa mtaa akijua tarehe na saa. Kaa mbali na hifadhi; kuingia hifadhi ya taifa na silaha bila kibali ni kosa, na askari hatasubiri akague kama ni ya plastiki. Mashamba yetu yana vijia: wachungaji, watoto wanaotoka shule, bodaboda za njia ya mkato. Kila kijia kiwe na utepe, bango na mtu mzima asiyecheza. Baada ya mchezo okoteni gololi mnazoziona, maana kuku na mbuzi wa jirani hawachagui.

Sasa bunduki. Chukua ya betri isiyozidi jouli 1, na ipimwe kwa kipima mwendo kila siku ya mchezo. Ukibadilisha uzito wa gololi, hesabu hubadilika: kwa gramu 0.25, jouli 1 ni takriban mita 89 kwa sekunde. Kama mtutu una ncha ya rangi ya chungwa, usiiondoe. Betri ya lithiamu ya volti 7.4 ina seli mbili. Kila seli isizidi volti 4.2 ikijaa na isishuke chini ya 3.0. Ichaji juu ya sakafu ya saruji ukiwa macho, kwa chaja yake. Ikivimba, usiitumie tena.

Kosa la wengi ni kudhani kuchomoa magazini, yaani kisanduku cha gololi, kunamaliza risasi. Kuna mpira mdogo mwanzoni mwa mtutu unaoipa gololi mzunguko ili iende mbali, na mpira huo huishikilia gololi moja au zaidi baada ya magazini kutoka. Fuata mpangilio huu bila kuruka: chomoa magazini, elekeza mtutu ardhini, fyatua mara mbili tatu mpaka usikie hewa tupu, funga kifungio cha usalama, vika mdomo wa mtutu kifuniko, chomoa betri. Njiani bunduki iwe kwenye begi lililofungwa ndani ya buti la gari, magazini begi jingine, barua mkononi. Ukisimamishwa na trafiki, zima gari, weka mikono kwenye usukani na sema kilichomo kabla begi halijafunguliwa.

Jicho likipigwa, usilisugue wala kulikandamiza. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, kiegemeze kwenye mifupa kuzunguka jicho bila kuligusa, kibandike kwa plasta. Mgonjwa akae wima, asipewe aspirini, na apelekwe hospitali hata kama maumivu yamepungua. Damu ndani ya jicho haionekani vizuri kwa kioo cha simu. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina idara ya macho, na kutoka Arusha mjini ni takriban kilomita 80, kwa hiyo gari la dharura lijazwe mafuta asubuhi na dereva wake asicheze.